Nyusi

Alishushwa na ndege kutoka Salluit,
kaskazini kule miti ilikokata tamaa ya kuota,
akiwa na vijiwe viwili kwenye figo ya kushoto.
Jina: Putulik. Umri: arobaini na mmoja.
Lugha: hapo karani aliacha wazi.

Saa tisa usiku, Montreal, chumba namba kumi na tisa.
Nikamfunga kipimo mkononi,
nikauliza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza:
Unasikia maumivu?
Akanitazama.
Nikarudia, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji.
Akanitazama.
Nikapandisha sauti,
kana kwamba ugeni ni uziwi.

Mia na sitini na nane juu ya tisini na saba.
Mapigo mia na kumi na nane.

Haya niliyasoma chuoni, nikafaulu:
juu ya kila figo imekaa tezi ndogo,
imelala upande kama kofia ya mlinzi anayesinzia.
Hatari ikibisha, tezi haiulizi nani.
Humwaga adrenalini, moyo ukatoka mbio,
mate yakakauka, damu ikahama tumboni
ikakimbilia mapajani, tayari kwa safari.
Mwili haujui kusoma beji kifuani.
Hautofautishi meno yanayouma
na meno ya mtu anayetabasamu
kwa namna usiyoizoea.

Lakini kitabu kilinieleza figo za mgonjwa.
Zangu hakikuzitaja.

Maana nami nywele za kisogo zilisimama,
viganja vikalowa ndani ya glavu.
Nikasema moyoni, huyu ananidharau,
nikaandika kwenye fomu kwa herufi kubwa:
HAJIBU.

Mpwa wake, Maaki, alipokea simu kwa sauti ya usingizi.
"Amekujibu," akasema. "Atakuwa amekujibu kila mara.
Mtazame nyusi. Zikipanda, ndiyo.
Pua ikikunjamana, hapana.
Na kwetu mtu hapigi kelele karibu na anayeumwa."

Nikakumbuka. Zilipanda.
Mara nne nyusi zilipanda, nyeusi, fupi,
nami nimeukodolea mdomo,
nikisubiri mlango ufunguke,
kumbe mwenye nyumba yuko dirishani
ananipungia mkono.

Nikavuta kiti.
Nikajifunga kipimo mkono wangu mwenyewe,
mbele yake, ili aone:
mia na hamsini na moja.
Akaisoma namba. Akanisoma mimi.
Tumbo lake likatikisika kwa kicheko kisicho na sauti,
kisha akashika ubavu,
kwani vijiwe havina utani.

Nikanyanyua nyusi zangu na bomba la sindano, bila neno.
Zake zikapanda.
Tukakaa. Nje, gari la kuzoa theluji lilikwaruza barabara,
likaenda, likarudi.
Mia na thelathini na tisa, mashine ikasema baadaye.
Sijui ni morfini au ni kiti.

Ile fomu sikuichana; hairuhusiwi.
Nililipiga neno mstari mmoja, nikatia sahihi,
na pembeni nikaandika:
Amejibu. Mara nne.

Asubuhi nyumbani, Réjean ameshika birika.
Kahawa?
Nikanyanyua nyusi.
Kahawa, Ghislaine?
Nikazinyanyua tena, nimechoka, nampenda.
Akalitua birika kwa kishindo:
"Nimekosa nini tena?"
Na chini ya fulana yake, mahali pasipoonekana,
walinzi wawili wakashtuka,
wakaweka kofia sawa.